Kijiji cha India: Watu Wangapi, Barabara Ipi, Basi Saa Ngapi

Kila kijiji cha India kina mstari wake katika majedwali ya serikali. Sensa ya mwaka 2011 iliorodhesha vijiji 640,867, na kati ya hivyo 597,608 vilikuwa na wakazi. Kwa kila kimoja utakuta idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wasiozidi miaka 6, wanaojua kusoma na kuandika, wakulima wenye mashamba yao, na vibarua wanaolima mashamba ya wenzao. Orodha ya huduma za kijiji inagusa pia usafiri: kama basi linafika, kama kuna stesheni ya reli, bajaji, teksi, trekta au mkokoteni wa ng'ombe, na kama huduma haipo, iko umbali gani.

Hata hivyo anayesoma takwimu hizo kwa makini hukwama mapema. Kijiji kilekile kina idadi moja ya watu kwenye sensa, nyingine kwenye halmashauri yake, na ya tatu kwenye programu ya barabara. Kijiji kimeandikwa kuwa kimeunganishwa na barabara, lakini wanafunzi wake wa sekondari bado wanakwenda shule kwa miguu. Serikali kuu imekuwa ikitangaza kwamba karibu vitongoji vyote vilivyostahili barabara vimeipata. Septemba 2024 serikali hiyohiyo ikaidhinisha awamu mpya ya kuvifikia vitongoji 25,000 visivyo na barabara. Juu ya hayo, sensa ya 2021 haikufanyika. Iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na tarehe rejea ya sensa inayofuata, kwa sehemu kubwa ya nchi, ni 1 Machi 2027. Mipango ya leo inaendeshwa kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011.

Wengi wanaona huo ni uzembe wa makarani. Mimi naona mzizi uko mahali pengine: idadi ya watu na usafiri hupimwa kwa vipimo visivyolingana, na kila kipimo huamua nani apate nini. Asiyeona vipimo hivyo hawezi kuelewa ubishi wa sasa juu ya fedha za barabara na mabasi.

Kijiji ni kipi hasa

Kwa sensa, kijiji ni eneo la ardhi lenye mipaka iliyopimwa kwa ajili ya kodi ya mashamba, utaratibu uliorithiwa tangu enzi za ukoloni wa Waingereza. Ndani ya mpaka mmoja panaweza kuwa na vitongoji vitano vilivyotawanyika, au pasiwe na mtu hata mmoja. Ndiyo maana vijiji zaidi ya 43,000 vilihesabiwa bila wakazi. Halmashauri ya kijiji, yaani panchayati, ni kitu kingine. Marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika Aprili 1993 yaliipa panchayati nguvu ya kisheria, lakini kila jimbo hupanga ukubwa wake. Panchayati moja inaweza kuchukua vijiji kadhaa vya sensa.

Wastani wa nchi nzima ni karibu watu 1,400 kwa kila kijiji chenye wakazi. Wastani huo unaficha mengi. Himachal Pradesh, kwenye miteremko ya Himalaya, vijiji vingi vina watu mia chache tu. Kerala, kusini kabisa, kijiji cha sensa mwaka 2011 kilikuwa na wastani wa watu zaidi ya 17,000, nyumba zikifuatana barabarani kilomita baada ya kilomita. Ukiviweka viwili hivyo katika jedwali moja na kuuliza "kijiji cha India kina usafiri gani?", jibu utakalopata halihusu mahali popote.

Mpaka kati ya kijiji na mji nao unayumba. Sensa huita mahali mji pakiwa na watu wasiopungua 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wanaofanya kazi wakiwa nje ya kilimo. Kati ya 2001 na 2011 miji ya aina hiyo, ambayo haina manispaa, iliongezeka kutoka 1,362 hadi 3,894. Kerala iliruka kutoka asilimia 26 ya watu wa mijini hadi karibu asilimia 48 ndani ya miaka kumi. Wengi wa watu hao hawakuhama. Walibadilishiwa safu katika jedwali.

Kipimo kinachogusa usafiri moja kwa moja ni kitongoji. Programu ya barabara za vijijini ya Waziri Mkuu, maarufu kwa kifupi PMGSY, ilizinduliwa 25 Desemba 2000 chini ya serikali ya Atal Bihari Vajpayee, na iliamua kuhesabu vitongoji, si vijiji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Katika maeneo mengi familia za Wadalit, ambao mfumo wa matabaka uliwaweka chini kabisa, huishi pembezoni, mbali na nyumba za wenye ardhi. Barabara ikifika katikati ya kijiji, kijiji kizima huandikwa kimefikiwa, na kitongoji cha pembeni hubaki na tope lake.

Lakini kitongoji nacho kina kanuni zake. Katika tambarare kilistahili barabara kikiwa na watu 500 au zaidi. Milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila ya asili, 250. Kikiwa ndani ya mita 500 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima, kinahesabika tayari kimeunganishwa. Milimani umbali huo ni kilomita moja na nusu ya njia. Na "inayopitika mwaka mzima" haimaanishi lami. Haimaanishi hata kwamba mto hautaikata barabara kwa saa kadhaa wakati wa mvua za monsuni, mradi ukataji huo usizidi kiwango kilichoruhusiwa. Mama mwenye uchungu wa kujifungua mwezi Agosti, mita 450 kutoka kwenye barabara hiyo, kitakwimu hana tatizo la usafiri.

Nani alihesabiwa, na mwezi gani

Sensa ya 2011 ilihesabu watu kati ya tarehe 9 na 28 Februari, kisha makarani wakarudi kuhakiki siku tano za mwanzo wa Machi. Aliyekuwa nje ya nyumbani kwake kipindi chote hicho alipaswa kuhesabiwa alikokutwa. Kwa mtumishi wa ofisi kanuni hii haina athari. Kwa wilaya ya Beed, Maharashtra, ni jambo zito. Kuanzia Oktoba au Novemba familia nyingi za huko hufunga mizigo na kwenda kukata miwa katika maeneo ya viwanda vya sukari, na hurejea Machi au Aprili. Mume na mke huajiriwa kama jozi moja, na jozi hiyo huitwa koyta, jina la mundu wanaotumia. Februari koyta hizo ziko mashambani, zimelala kwenye vibanda vya turubai. Matanuri ya matofali ya kaskazini nayo yanakuwa yamepamba moto miezi hiyohiyo.

Kwa hiyo kijiji cha wahamaji wa msimu hupimwa wakati kimepungukiwa watu. Barabara au basi likipangwa kwa hesabu hiyo, wale wanaosafiri kuliko wote ndio waliokosekana kwenye hesabu ya wasafiri.

Milimani shida ni ya kudumu zaidi. Wilaya za Almora na Pauri Garhwal, jimbo la Uttarakhand, zilipungua watu kati ya 2001 na 2011, wakati nchi nzima ikiongezeka. Vijana walishuka kwenda mijini, na wengi wa waliobaki ni wanawake na wazee. Hapa kizingiti cha idadi ya watu kinageuka mtego: watu huondoka kwa kukosa njia, na kuondoka kwao hushusha hesabu ambayo ingeleta njia.

Kuna upungufu mwingine ambao hausemwi sana. Sensa ya 2011 iliuliza watu wanasafiri umbali gani kwenda kazini na kwa chombo gani. Swali hilo halikuulizwa kwa wakulima wala kwa vibarua wa mashambani. Mwaka huo wakulima walikuwa karibu milioni 119 na vibarua milioni 144. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru vibarua waliwazidi wenye mashamba. Kibarua hana shamba la kumfunga kijijini, na kila siku hufuata kazi inakopatikana. Yeye ndiye hakuulizwa.

Hoja ya kwanza: barabara kwanza

Wanaoshikilia msimamo huu wana ushahidi wa macho. Tangu mwaka 2000 PMGSY imejenga zaidi ya kilomita 750,000. Bila njia ngumu hakuna gari la wagonjwa, hakuna lori la kuchukua mboga kabla hazijaoza, na mwalimu hukataa kupangiwa shule. Barabara pia haimuulizi mtu tabaka lake wala haihitaji bajeti ya dereva kila mwezi.

Utafiti unaikubali hoja hii nusu. Mchumi Shilpa Aggarwal alionyesha kwamba vijiji vilivyofikiwa vilipata bidhaa nyingi zaidi kutoka nje, na wakulima wakatumia zaidi mbolea na mbegu bora. Watoto wadogo walizidi kwenda shule, lakini vijana wa miaka 14 hadi 20 wakaiacha shule na kwenda kutafuta kazi. Sam Asher na Paul Novosad, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walitumia vizingiti vyenyewe kama mizani: wakalinganisha vijiji vilivyovuka kizingiti kidogo na vilivyokikosa kidogo. Walichokuta ni kwamba barabara iliwatoa watu kwenye kilimo na kuwapeleka kwenye kazi za ujira nje ya kijiji. Kilimo chenyewe, kipato na mali za kaya havikubadilika kwa kiasi kikubwa.

Matokeo hayo yamewashangaza waliotarajia barabara iutokomeze umaskini. Kwangu yanaeleweka. Barabara inapunguza gharama ya kutoka. Haileti maji ya umwagiliaji, haigawi ardhi, haileti mnunuzi. Anayenufaika kwanza ni yule mwenye uwezo wa kutoka, na hapo swali la chombo cha usafiri linaingia.

Msimamo huu una udhaifu mwingine, wa uaminifu wa takwimu. Jonathan Lehne, Jacob Shapiro na Oliver Vanden Eynde walifuatilia zabuni za barabara hizi na washindi wa uchaguzi wa majimbo. Waligundua kwamba mwanasiasa akishinda, wakandarasi wenye jina la ukoo kama lake hupata kazi nyingi zaidi. Baadhi ya barabara zilizoandikwa kuwa zimekamilika hazikuonekana baadaye kwenye sensa ya 2011. Kizingiti cha watu 500 nacho kinampa kila mwenye ushawishi sababu ya kutamani kitongoji chake kisomeke 510.

Hoja ya pili: basi kwanza

Upande wa pili unasema barabara bila gari ni lami ya kuanikia nafaka, jambo ambalo kweli hufanyika kila msimu wa mavuno. Wanaosimama upande huu huanza na takwimu za vyombo. Mwaka 2011 asilimia 46 ya kaya za vijijini zilikuwa na baiskeli, asilimia 14 pikipiki au skuta, na asilimia 2 tu gari. Pikipiki zimeongezeka sana tangu hapo, ila pikipiki ya nyumbani ina mwenyewe, na kwa kawaida ni mwanamume. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta ni asilimia 42 tu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanaoruhusiwa kwenda peke yao sokoni, kwenye kituo cha afya na nje ya kijiji. Basi lenye kondakta, abiria wengi na saa zinazojulikana ni chombo ambacho familia nyingi humkubalia binti apande.

Maharashtra ilijenga sera nzima juu ya wazo hilo: shirika la mabasi la jimbo, na mabasi yake mekundu, lilijipa wajibu wa kufika palipo na barabara. Tamil Nadu mwaka 2021, Karnataka Juni 2023 na Telangana Desemba 2023 zilikwenda mbali zaidi zikawafutia wanawake nauli kwenye mabasi ya kawaida ya mashirika ya umma. Kwa kibarua mwanamke nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu ya ujira wa siku. Kuifuta ni sawa na kumwongezea mshahara.

Udhaifu ni gharama isiyokoma. Basi la kijijini hujaa asubuhi na jioni, na katikati ya siku hutembea na viti vitupu. Kila jimbo linaloahidi mabasi linaahidi ruzuku ya kila mwaka, na ruzuku ndiyo hukatwa kwanza hazina ikibana. Madhya Pradesh, jimbo kubwa lenye vijiji zaidi ya 50,000, ilifunga shirika lake la mabasi mwaka 2005, na wanavijiji wakabaki mikononi mwa wenye magari binafsi. Nauli ya bure pia haimsaidii mwanamke ambaye kijijini kwake basi halifiki. Fedha hiyo inakwenda zaidi kwa walio tayari kwenye njia kuu.

Hapa ndipo mstari wa sensa unapopotosha kuliko popote. Safu ya basi hujazwa "lipo" au "halipo". Kama halipo, umbali huandikwa kwa herufi: a, chini ya kilomita 5, b, kati ya 5 na 10, c, zaidi ya 10. Kijiji chenye basi moja linaloondoka alfajiri na kurudi usiku kinapata alama ileile na kijiji chenye basi kila nusu saa. Binti anayemaliza darasa saa tisa alasiri anajua tofauti yake.

Hoja ya tatu: waachiwe wenye vyombo

Kundi la tatu linasema kijiji kimeshajitatulia. Jipu za kukodi, bajaji kubwa za abiria wanane hadi kumi na pikipiki zinajaza pengo, zinasimama mlangoni, zinafuata siku za gulio, na hazidai ruzuku. Bihar ilijaribu kuusukuma mkondo huo mwaka 2018 kwa kuwapa vijana wa matabaka ya chini ruzuku ya nusu ya bei ya gari dogo la abiria, kwa kila panchayati. Kabla yake, mwaka 2006, jimbo hilohilo lilianza kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikadiria kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri huo ulipanda kwa asilimia 32, na faida kubwa ilionekana pale shule ilipokuwa mbali zaidi. Kwa kila rupia iliyotumika, sijaona mpango wa usafiri wa kijijini uliofanya zaidi ya huo.

Lakini baiskeli ilifanikiwa kwa sababu serikali iliinunua na kumpa msichana mwenyewe. Soko peke yake halikumfikia. Mwenye jipu haondoki mpaka ijae, hujaza watu hadi kwenye ngazi ya nyuma, na usiku anapohitajika kwa mgonjwa hutaja bei anayotaka. Njia isiyo na abiria wa kutosha haiendi. Soko la usafiri linawahudumia vizuri wale ambao tayari wana sababu na fedha za kusafiri.

Palanpur, kijiji kilichofuatiliwa

Majedwali yanatoa picha ya siku moja. Palanpur, wilaya ya Moradabad, Uttar Pradesh, ni kijiji kidogo ambacho wachumi wamekirudia tangu 1957-58 karibu kila muongo. Christopher Bliss na Nicholas Stern walikifanyia kazi 1974-75, na wenzao wakaendelea hadi karne hii. Mwanzoni kilikuwa na watu wapatao 500, na miaka hamsini baadaye walikuwa wamepita 1,200. Ardhi haikuongezeka. Mashamba yaligawanyika baina ya matabaka ya Thakur, waliokuwa wakubwa wa kijiji, na Murao, wakulima hodari. Jatab, ambao ni Wadalit, walibaki na vipande vidogo au bila kitu.

Kilichookoa maisha ya wanakijiji ni kazi za nje: matanuri ya matofali, karakana na viwanda vya Moradabad na Chandausi, vibarua kwenye reli. Kazi hizo zilifikika kwa sababu Palanpur ina bahati ambayo vijiji vingi havina, reli inayopita ubavuni mwake. Watu walikuwa wakienda mjini kwa treni wakati barabara ya kijiji bado ni mbovu. Kwa kipimo cha PMGSY hicho kilikuwa kijiji cha nyuma. Kwa kipimo cha kazi kilikuwa kimeshaunganishwa. Na waliopanda treni ile kwenda kazini walikuwa karibu wote wanaume.

Kupima

Hoja tatu hizi hugombanishwa kana kwamba zinagombea kijiji kimoja. Milimani Uttarakhand na katika misitu ya Chhattisgarh, ambako kitongoji bado kinafikika kwa miguu tu, barabara inatangulia bila ubishi, na kizingiti cha watu 250 kinapaswa kushushwa, hasa pale watu wanapohama kwa kukosa njia. Programu ilishakubali watu 100 katika maeneo yaliyoathiriwa na uasi wa Wanaxali, waasi wa mrengo wa kushoto, kwa hiyo hoja kwamba haiwezekani haina nguvu.

Katika tambarare za Bihar, Uttar Pradesh na Madhya Pradesh hali ni nyingine. Barabara nyingi zipo. Awamu ya nne ya PMGSY, ile iliyoidhinishwa Septemba 2024, imepangiwa kilomita 62,500 kwa rupia bilioni 701, karibu rupia milioni 11 kwa kila kilomita. Kwa fedha ya kilomita moja, wilaya ingeweza kulipia kwa miaka kadhaa safari mbili za gari dogo katika njia isiyolipa, ya asubuhi ya shule na ya jioni ya kurudi. Basi kubwa la shirika halihitajiki kila mahali. Jipu na bajaji zilizopo zipewe vibali, idadi ya abiria isimamiwe, na serikali ilipie zile safari ambazo soko linazikwepa. Huko ndiko ningeelekeza rupia inayofuata, kabla ya kuongeza lami.

Hayo hayawezekani kwa takwimu za sasa. Sensa ya 2027 itafika kwenye kila nyumba, nayo pia rejea yake ni Machi, koyta za Beed zikiwa bado mashambani. Angalau mambo matatu yanaweza kuandikwa bila kuongeza karani hata mmoja: kibarua na mkulima waulizwe wanavyosafiri kama wengine wote, idadi ya watu itolewe kwa kitongoji, si kwa kijiji cha kodi peke yake, na safu ya basi ipewe saa ya gari la kwanza, saa ya gari la mwisho, na idadi ya safari katikati yake. Kondakta wa njia hiyo anazijua saa zote.